Mtoto "anacheza tu" kituoni: je, anachelewa?

"Mwanangu wa kiume ana mwaka mmoja na miezi 10. Nimerudi kazini, na huu ni mwezi wa pili anashinda kwenye kituo cha kulelea watoto karibu na kwetu Tabata, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ni nyumba ya kawaida, ina dada wawili na watoto 17 wa umri mchanganyiko. Kila asubuhi analia getini mpaka nakosa raha kazini. Nikiuliza wanajifunza nini naambiwa 'bado mdogo, anacheza tu', na mara nyingi nikienda kumchukua nakuta katuni kwenye TV. Mtoto wa jirani ana miaka miwili na nusu, anasoma kituo cha ada mara mbili ya hiki; ana sare, anasema ABC na kuhesabu hadi 20 kwa Kiingereza. Tena tangu mwanangu aanze, mafua hayaishi. Mume wangu anataka tutafute dada wa kazi, mama yangu anasema tumpeleke kijijini. Je, mwanangu anachelewa? Nimhamishe?"

Mama, ndani ya swali lako naona maswali mawili: kama mtoto anabaki nyuma, na kama mahali anaposhinda ni pazuri. La kwanza ni jepesi. Kwa ulichoeleza, hakuna dalili kwamba mwanao amechelewa. La pili linahitaji uende ukaangalie kwa macho yako, na nitakuambia cha kuangalia. Kilichonishtua kwenye maelezo yako ni wale dada wawili kwa watoto 17, pamoja na hiyo TV. Kucheza hakujanishtua hata kidogo.

Nianze na ABC, maana ndiyo inayowafanya wazazi wengi wahame kituo kizuri kwenda kibaya. Mtoto wa miaka miwili na nusu anayehesabu hadi 20 mara nyingi anaimba tu. Ukitaka kujua, weka vijiko 10 mbele yake, umwambie kwa upole, "Nipe vitatu." Wengi wa umri huo watakukusanyia lundo zima. Kuelewa kwamba neno la mwisho unalotamka unapohesabu ndilo idadi ya vitu vyote huja taratibu, kwa wengi kati ya miaka mitatu na nusu na minne. Kuimba namba hakuna ubaya, watoto wanapenda. Ubaya unaanza pale watoto wa miaka miwili wanapokalishwa kwenye mabenchi saa nzima wakimwitikia mwalimu, kwa sababu saa hiyo imekatwa kwenye mambo ambayo ubongo wao unayahitaji sasa. Hata Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaweka elimu ya awali kuwa mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza, na darasa la kwanza mtoto anaanza akiwa na miaka 6. Mwanao ana miaka mitatu na zaidi kabla herufi hazijawa kazi yake.

Na Kiingereza je? Mtoto anaweza kukua na lugha mbili bila shida yoyote, watoto wetu wengi wanakua na Kiswahili na lugha ya bibi. Sharti ni kwamba kila lugha awe na mtu wa kuzungumza naye kweli. Mlezi ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye "sit down", "colour red" na "good morning teacher" anampa mtoto lugha nyembamba kwa siku nzima. Mtoto huyohuyo angepata maelfu ya maneno kwa Kiswahili cha mlezi huyohuyo.

Sasa, mtoto wa umri huu anajifunzaje? Mwangalie akibadilishwa pampasi. Amelala chali, anamwona kunguru dirishani, ananyoosha kidole, anasema "Ku!" Mlezi anageuka anatazama alikoonyeshwa: "Kunguru! Umemwona kunguru. Haya, ameruka. Ameenda wapi?" Mtoto anamtazama usoni, anasema tena "Ku!" na kupunga mkono. Sekunde 10 zimepita, na ndani yake mtoto amepata neno, amejua kwamba kidole chake kina maana, amejua kwamba akitoa sauti mtu anajibu. Ni kama kurushiana mpira: mtoto anarusha, mtu mzima anadaka na kuurudisha. Katika miaka mitatu ya mwanzo miunganiko ya seli za ubongo inajengeka kwa kasi kubwa, na inayoimarika ni ile inayotumika mara kwa mara. Mpira usipodakwa siku baada ya siku, mtoto anapunguza kurusha. Anakuwa mtulivu, na watu wanamsifu kwamba hasumbui.

Huu si ushauri wa wenye hela. Mjini Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1980, watafiti waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kwa wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa jamii, waliomwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake, kwa vifaa vya kujitengenezea. Walipofuatiliwa miaka 20 baadaye, walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Hapakuwa na sare wala kompyuta. Kulikuwa na mtu mzima na mtoto wakishughulishana.

Ndiyo maana naanza kila mara na idadi ya walezi. Tufanye hesabu ya kituo chako. Tuseme watoto sita kati ya 17 wanavaa pampasi, na kila mmoja anabadilishwa mara nne kwa siku. Hizo ni mara 24. Ukimbadilisha mtoto vizuri, ukamfuta, ukanawa mikono, ni dakika tano: tayari saa mbili kamili za mlezi mmoja. Ongeza uji wa asubuhi, chakula cha mchana, kulaza, kuosha vyombo. Katika vituo vingi vya mtaani dada mmoja ndiye huyohuyo mpishi, kwa hiyo kuanzia saa nne hadi saa saba mlezi wa kweli ni mmoja kwa watoto 17. Hata awe na moyo wa dhahabu, hawezi kudaka mpira wa watoto 17. Atawasha TV, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kuwaweka chini wasiungue jikoni. Ukimlaumu yeye kwa TV utakuwa umelaumu mtu asiyehusika. Kule England kanuni zinataka mtu mzima mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili, na mmoja kwa watano wa miaka miwili. Vituo vyetu vya mtaani haviwezi kufika hapo kwa ada za mtaani, lakini mimi hushauri mzazi asikubali zaidi ya watoto watano kwa mlezi mmoja chini ya miaka miwili, na wanane kwa wale wa miaka miwili hadi mitatu. Hesabu hiyo imhusu mlezi aliye chumbani na watoto, mpishi asihesabiwe.

Omba kwenda siku moja saa nne asubuhi, ukae nusu saa. Usiende saa ya kumpeleka wala ya kumchukua, maana hizo ni saa za getini. Kituo kinachomkataza mzazi kuingia ndani mchana kimeshakujibu. Ukishakaa, usiangalie rangi za kuta. Hesabu vichwa: watoto wangapi, watu wazima wangapi. Sikiliza sauti ya mlezi: anamwita mtoto kwa jina, au ni "wewe, kaa!"? Mtoto akianguka, anakimbilia kwa nani? Akiwa na mtu mmoja anayemkimbilia, hilo ni jambo kubwa, pengine kubwa kuliko yote. Tazama kama vitu vya kuchezea viko chini mkono wa mtoto unapofika, au vimepangwa juu ya kabati kwa ajili ya wageni. Si lazima viwe vya dukani. Makopo ya kuingizana, maboksi, vifuu vya nazi, mchanga, beseni la maji na vikombe, vitambaa vya kanga vya kujifichia: hivyo ni masomo ya ujazo, uzito, kujaa na kumwagika. Ila kwa walio chini ya miaka mitatu, kitu chochote kinachopenya kwenye kile kikopo cha katikati ya karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto, vikiwemo vifuniko vya soda, na karanga nzima hazifai kabisa.

Halafu muulize mlezi swali moja. Badala ya "mnafundisha nini?", ambalo litakuletea orodha ya nyimbo, uliza: "Jana mwanangu alifanya nini?" Mlezi anayemjua atakuambia alikataa viazi, alimwaga maji mara tatu akicheka, alilala saa sita akaamka na kulia kidogo. Asiyemjua atasema, "Hana shida, mama." Uliza pia dada hao wana muda gani hapo. Pale wanapobadilika kila baada ya miezi miwili, mtoto anaanza upya kila mara kumwamini mtu, na hakuna ratiba nzuri inayofidia hilo.

Chakula na usafi nitavipitia haraka. Uji ukiinua kijiko unapaswa kushika, usichuruzike kama maji. Mtoto wa umri wa mwanao anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, kila mlo robo tatu ya kikombe cha mililita 250 hadi kikombe kizima, na asusa mara moja au mbili. Alishwe akiwa ameketi, kwa kusubiriwa. Kumlaza na kumnywesha uji kwa nguvu kunaweza kuupeleka kwenye mapafu. Mikono inawiwe kwa maji yanayotiririka na sabuni baada ya pampasi, baada ya kufuta kamasi na kabla ya kula. Kibuyu chirizi kinatosha. Beseni moja la kunawia watoto wote ndilo linalozungusha kuhara kituo kizima. Ndoo za maji zifunikwe au ziwe nje ya chumba, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo akiwa kimya kabisa. Na kwa kuwa kituo ni nyumba ya mtu, uliza waziwazi nani mwingine anaishi humo na nani anawapeleka watoto chooni. Usione haya, ni swali la haki ya mzazi.

Kuhusu TV, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 haupendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na akifika miaka miwili isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndiyo bora. Katuni zenyewe hazina sumu, ila hazidaki mpira: mtoto akisema "Ku!" katuni haigeuki. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa umri wake awe na angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, akitembea, akipanda, akichuchumaa. Kwenye sebule yenye watoto 17 mbele ya TV hazipatikani.

Kilio cha asubuhi kinaumiza, najua, lakini chenyewe hakipimi ubora wa kituo. Mtoto wa umri huu anajua fika kwamba mama yupo mahali hata kama hamwoni, ila hana hesabu ya muda. "Jioni" kwake haina maana. Analia kwa sababu anakupenda na anajua unaondoka. Pima mambo mawili. Kwanza, baada ya wewe kuondoka ananyamaza baada ya muda gani, na nani amembembeleza? Rudi kimya dakika 15 baadaye usikilize ukiwa nje. Pili, anakupokeaje jioni? Anayekukimbilia, hata akilia tena kidogo, yuko salama moyoni. Anayekutazama kama mgeni, aliyenyamaza siku nzima, ananitia wasiwasi kuliko anayelia.

Usitoroke akiwa hatazami. Unaokoa machozi ya leo, lakini kesho hatakuacha hata uende chooni. Muage kwa maneno yaleyale kila siku, mafupi: "Mama anaenda kazini, ukishakula na kulala na kucheza, mama anakuja." Mkabidhi mkononi mwa dada mmoja, yuleyule kila asubuhi, kisha uondoke usirudi nyuma. Mwachie kipande cha kanga yako uliyoilalia, harufu yake inasaidia hasa saa ya kulala. Kama hukupata nafasi ya kumzoesha taratibu mwanzoni, chukua ruhusa ya siku tatu hata sasa: siku ya kwanza kaa naye saa mbili mwondoke wote, ya pili ondoka kwa saa moja urudi, ya tatu mwache mpaka baada ya chakula cha mchana. Baada ya hapo wiki nne hadi sita zinatosha kuona kilio kikipungua. Kisipopungua kabisa, au kilikuwa kimepungua kikarudi ghafla kwa nguvu, kuna kitu kimebadilika kituoni na una haki ya kukitafuta.

Mafua ni kawaida mwaka wa kwanza wa kituo. Watoto wadogo hupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka hata bila kituo, na wanaochangamana hupata zaidi. Hakikisha kadi ya kliniki iko sawa, hasa chanjo ya pili ya surua na rubela ya miezi 18. Homa akiwa nayo abaki nyumbani. Akipumua kwa kasi, mbavu zikiingia ndani, akishindwa kunywa au akilegea, ni hospitali siku hiyohiyo.

Kuna jambo moja linalosemwa chinichini kwenye vituo vyenye watoto wengi na walezi wachache: kuwapa watoto dawa ya mafua au ya mzio ili walale. Sina sababu ya kulishuku kwenye kituo chako, lakini lijue. Mtoto wa umri huu anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku nzima, na usingizi wa mchana wa saa moja na nusu hadi tatu ni wa kawaida. Anayelala mchana saa nne au tano kila siku ya kituo lakini Jumapili nyumbani analala moja na nusu, anayeamka kama mlevi, anayeendelea kusinzia jioni, mpeleke hospitali na umweleze daktari wazi unachoshuku. Sema kituoni kwa maandishi kwamba mtoto wako hapewi dawa yoyote bila wewe kuwa umeileta na kuandika kipimo.

Cheti cha usajili nacho kiulize. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 kituo cha kulelea watoto wadogo mchana lazima kisajiliwe, na anayekikagua ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Usajili hauhakikishi malezi mazuri, ila kituo kisichosajiliwa hakina mtu wa kukigongea mlango.

Tuje kwenye uamuzi. Dada wa kazi anaweza kuwa bora kuliko kituo chako cha sasa, kwa sababu ni mtu mmoja kwa mtoto mmoja, lakini ni endapo ni mtu mzima, ana utulivu, anapenda kuongea na mtoto, na hana lundo la nguo, chakula na usafi wa nyumba nzima. Binti wa miaka 15 anayefua, kupika na kulea ni kituo kingine chenye TV, tena bila shahidi. Kijijini kwa bibi mtoto anaweza kupata mapenzi tele na hewa ya kujongea. Hofu yangu ni utengano: kumtoa mtoto wa umri huu kwa mama na baba wote kwa miezi ni pigo zito kuliko kilio cha getini, na akirudi ataachana na bibi aliyekwisha kumzoea. Kama bibi anaweza kuja Dar es Salaam kwa miezi sita, hilo ni jambo jingine na ningelifikiria kwanza.

Kituo cha jirani nacho kipime kwa vipimo hivihivi, si kwa sare. Kama kina watoto 25 kwa mwalimu mmoja kwenye mabenchi, utakuwa umelipa mara mbili kununua upungufu uleule. Na kama kwenye nusu saa yako utamkuta dada mmoja ambaye mwanao anamkimbilia, mimi ningekaa kwanza nikazungumza na mwenye kituo kabla ya kuhama. Tafuta wazazi wenzako watatu au wanne mwende pamoja, mkiwa tayari kuongeza kiasi fulani cha ada kwa ajili ya dada wa tatu. Ombeni mambo matatu tu: mpishi asihesabiwe kama mlezi, watoto wa pampasi wawe na dada wao mmoja maalumu, TV izimwe hadi saa tisa alasiri na watoto watoke nje asubuhi. Mpeni mwezi mmoja. Asipobadilika, hameni.

Usisubiri mwezi huo ukiona alama za kufinywa au michubuko masikioni, shingoni, mgongoni au ndani ya mapaja, maumivu akikojoa, au hofu kubwa kwa mtu mmoja mahususi. Mtoe siku hiyohiyo, usimwogeshe, usifue nguo zake, usimhoji tena na tena. Mpeleke hospitali, kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure.

Na kwa ukuaji wake wenyewe, huna haja ya kulinganisha na wa jirani. Mpeleke kliniki au kwa daktari wa watoto kama mpaka sasa hageuki akiitwa jina, haonyeshi kitu kwa kidole, hatembei au hana hata neno moja. Kama akifika miaka miwili haunganishi maneno mawili, kama "mama maji". Au kama wakati wowote ameacha kufanya jambo aliloliweza. Hilo la mwisho halisubiri kliniki ya mwezi ujao, mpeleke wiki hiyohiyo.